Chungu Juu ya Njia ya Mchwa

Kuotesha mchwa kwa ajili ya vifaranga kunaanza kwa kutembea. Kabla hajashika chungu, mfugaji anayeijua kazi hii huzunguka kiwanja akitazama chini: bua la mtama lililolala tangu mavuno, kipande cha gogo, nyasi zilizodondoka kutoka paani. Anatafuta ule udongo mwembamba ambao mchwa huutandaza juu ya chakula chao wapate kula gizani. Akiuona, anaubandua kwa ukucha. Ukipukutika mkavu, wenyewe walishahama, naye anaendelea kuzunguka. Ukiwa na unyevunyevu, na bua lililo chini yake limetafunwa likabaki utando, na mchwa weupe wanakimbia mwanga, hapo ndipo chungu kitakapokaa. Nimewatazama wazee wa Singida, mkoa uliojijengea jina kwa kuku wa kienyeji, wakifanya hivyo bila haraka yoyote, na ninachokiheshimu zaidi ni subira hiyo ya macho. Kupindua chungu anaweza yeyote.

Ndani yake huingia mavi ya ng'ombe makavu, magunzi, mabua yaliyovunjwavunjwa na nyasi kavu, kwa kuwa mchwa hawa hupenda mmea uliokwisha kufa. Kisha maji, na hapa ndipo ufundi unapoonekana. Ukikamua konzi ya mchanganyiko, kiganja kilowe lakini maji yasichuruzike. Yakizidi, unavunda. Yakipungua, hawapandi, maana ngozi yao ni laini na ukavu huwaua upesi. Fundi hashindilii sana, anaacha nafasi za kupita. Anakwangua udongo wa juu mpaka vitundu vya njia vionekane, anakipindua chungu mdomo ukae sawasawa juu yake, anaziba pembeni kwa udongo mbichi, anafunika kwa gunia na kuweka jiwe ili mbwa asikiangushe. Yote hayo jioni, jua likishapoa.

Usiku mchwa hupanda wakila na kujenga humo humo, na asubuhi utakuta vijia vya udongo mbichi katikati ya magunzi. Lazima uwahi. Chungu kikianza kupata joto la jua, wanashuka walikotoka, na aliyekunywa chai kwanza hukuta samadi tupu.

Thamani ya mchwa anaijua aliyewahi kulea vifaranga kwa chenga za mahindi. Mahindi yana protini kama asilimia 8 au 9, ilhali kifaranga wa wiki za mwanzo anahitaji karibu asilimia 20. Chenga zinamshibisha, hazimkuzi. Dagaa na mashudu yangeziba pengo hilo, ila yanataka fedha mkononi. Kuku hawezi kunufaika na bua wala gunzi. Mchwa anaweza, na baadhi ya wale wanaojenga vichuguu huotesha ukungu maalumu huko chini wa kuwasaidia kuuvunja mmea mgumu. Kwa hiyo takataka za shamba zinageuka nyama usiku mmoja, na mtu alichotoa ni maji na akili. Mimi sijaona njia nyingine ya kulisha kuku inayodai fedha kidogo na maarifa mengi kiasi hiki.

Wakati wa kulisha, chungu hukung'utwa kidogo kidogo juu ya gunia. Vifaranga hutangulia, wakiwa ndani ya tenga ambamo jogoo hafiki. Askari wenye vichwa vikubwa, ambao taya zao zinaweza kuchana ngozi ya kidole, huachiwa kuku wakubwa. Mchwa ni nyongeza tu: pumba, majani mabichi na maji safi vinabaki pale pale.

Fundi mzuri ana mipaka yake pia. Habomoi kichuguu kumfuata malkia, maana ndiye anayejaza njia zote zile. Huvuna pembeni, kisha hukipumzisha na kuhamia kwingine. Hategi karibu na nguzo za nyumba, asije akawaita mchwa kwenye mbao zake mwenyewe. Tena hategi mahali palipomwagwa dawa ya mchwa, kwa kuwa sumu hiyo ingeingia kwa kuku na kwa mla kuku. Ndiyo maana akitaka kutega kwenye kiwanja cha jirani huuliza kwanza.