Mzazi Kumwomba Radhi Mwanawe

Mchezo wa televisheni wa Kimarekani uitwao The Bear, wenye kuhadithia mkahawa mjini Chicago, ulitoa msimu wake wa nne mwezi wa Juni 2025. Watazamaji wakagawanyika: hawa wakalalamika kuwa mambo yanakwenda polepole, wale wakasema utulivu huo ndio uzuri wake.

Mimi ni pamoja na hawa wa pili, ingawa siyasifu matusi na ulevi uliomo. Humo Donna, mama aliyeiumiza nyumba yake kwa pombe na hasira, akiri makosa yake mbele ya mwanawe Carmy, mpishi mkuu, na kumwomba radhi. Kisha mwana ampikia mamake chakula. Jambo zito kama hilo lingeonyeshwaje kwa haraka?

Haki ya mzazi twaijua sote. Lakini dhulma ni dhulma hata ikitoka kwa mzazi, na haki ya mja haiondoki mpaka mwenyewe asamehe. Basi wewe uliyemvunja moyo mwanao kwa ulimi, ukaona haya kumwambia "nisamehe", wangoja nini? Umri haungoji.