Udi au Ndimu

Mtu akiwekewa vichupa viwili, kimoja cha udi na kingine cha ndimu, pua humwambia achukue ndimu. Ndimu huwahi. Chembe zake ni nyepesi, zikipata joto la ngozi huruka, na baada ya saa moja hivi huzisikii tena. Udi huanza na ukali wa moshi, hata wa zizi, kisha hutulia na kuganda kwenye nguo hadi kesho yake. Anayeamua kwa mnuso wa kwanza basi amenunua mwanzo tu wa marashi. Ndiyo maana namheshimu muuza marashi ya kupima wa Makina, Kibera, au wa Kawangware, anayeijua kazi yake. Huvuta mafuta kwa sindano, akatia tone la udi kwenye kifundo cha mkono wa kulia na la ndimu kushoto, akamkataza mteja kusugua, kisha akamwambia azunguke sokoni arudi baadaye. Huenda asirudi. Fundi anaijua hasara hiyo na bado anasubiri.

Watasema marashi ni anasa mahali ambapo maji hununuliwa kwa mtungi. Lakini Kibera ilitengewa Wanubi, askari wa King's African Rifles na jamaa zao, mwaka 1918, na asili yao ni Sudan, ambako bibi harusi hufukizwa kwa moshi wa mgunga. Manukato si mageni Kibera. Tena anayenunua mililita tatu kwa pesa za kibarua ndiye asiyemudu kukosea. Hoja nzito zaidi ni kwamba udi wa bei hiyo si udi. Kweli. Udi halisi ni utomvu wa miti ya Aquilaria ya Asia iliyoshambuliwa na kuvu, na bei yake haishikiki. Msandali wetu nao uliandamwa hadi Kenya ikapiga marufuku uvunaji wake mwaka 2007. Mchanganyiko wa maabara unaiokoa miti hiyo, na sioni aibu kuuvaa, mradi muuzaji aseme ukweli. Kinachobaki ni kumjua mvaaji. Kwa arusi ya usiku ningechagua udi bila kusita. Kondakta wa matatu ya 46, ya Kawangware, hawezi kuuvaa katikati ya abiria waliobanana chini ya jua. Huyo, fundi humtilia ndimu juu ya tone la sandali, ili harufu isimwishie kabla ya safari ya pili ya mjini.