Kutoka Nancy hadi Helsinki: Jinsi Wanafunzi wa Lugha za Kigeni Walivyofundishwa Kujisimamia

Mpango wa kuwafanya wanafunzi wa lugha za kigeni vyuoni wajisimamie katika masomo yao ulipata msingi wake Nancy, mji wa mashariki mwa Ufaransa. Kituo kinachojulikana kwa kifupisho cha CRAPEL kilianzishwa huko na Yves Châlon mwishoni mwa miaka ya 1960, joto la vuguvugu la wanafunzi la Mei 1968 likiwa bado halijapoa. Châlon alifariki mwaka 1972, na Henri Holec akaiendeleza kazi yake. Ufaransa ilikuwa imepitisha mwaka 1971 sheria ya mafunzo endelevu ya wafanyakazi, iliyowafungulia mlango watu wazima wenye kazi, familia na mahitaji tofautitofauti. Kwa watu wa namna hiyo, ratiba moja na kitabu kimoja visingetosha.

Mwaka 1979 Holec aliliandikia Baraza la Ulaya ripoti iliyotoa fasili inayotumika hadi leo: kujisimamia ni uwezo wa mtu kubeba dhamana ya kujifunza kwake mwenyewe. Uwezo huo aliuchambua katika maamuzi matano, yaani kuweka malengo, kuchagua cha kujifunza na mpangilio wake, kuchagua mbinu, kufuatilia mwenendo wa kazi, na kutathmini kilichopatikana. Katika darasa la kawaida yote matano huamuliwa na mhadhiri, mara nyingi kabla hajaonana na wanafunzi wake. Holec alisisitiza pia kwamba uwezo huo mtu hazaliwi nao. Huupata kwa uzoefu au kwa kufundishwa. Hapo ndipo vyuo vingi viliteleza baadaye. Vilijaza chumba kanda, kamusi na vitabu, vikafungua milango, vikaona kazi imekwisha. Mwanafunzi aliyezoea kuambiwa afungue ukurasa gani huingia katika chumba kama hicho, hupekuapekua, huchoka, na harudi tena.

Kwa hiyo Nancy walianza na maandalizi ya aina mbili. Kwanza ilibidi kung'oa imani zilizoota mizizi tangu shuleni: kwamba ipo njia moja bora ya kujifunza lugha, kwamba lugha ya kwanza haina msaada wowote katika kujifunza ya pili, kwamba mwanafunzi hawezi kupima kazi yake mwenyewe. Pili, mwanafunzi alifundishwa stadi zenyewe: namna ya kuchanganua mahitaji yake, kutumia sarufi na kamusi, kuchagua matini na kupanga muda. Matini zilikuwa halisi, yaani rekodi na maandishi ya watu waliozungumza au kuandika kwa shughuli zao, bila kumfikiria mwanafunzi wa lugha. Mhadhiri hakuondoka, ila kazi yake ilibadilika akawa mshauri: anauliza, anasikiliza, anapendekeza, lakini haamui.

Ushauri huo ni kazi ngumu kuliko unavyoonekana. Tuseme mwanafunzi Mfaransa wa uhandisi analalamika kwamba haelewi Kiingereza cha redioni na anataka orodha ya msamiati. Mshauri hampi orodha. Anamwomba achague taarifa ya dakika mbili, aisikilize bila kuangalia maandishi, aandike anachokisikia, kisha alinganishe na maandishi kamili ya taarifa hiyo. Akilinganisha anagundua kwamba maneno aliyoyakosa karibu yote anayajua akiyaona kwenye karatasi. Yaliyompotea ni vineno vidogo ambavyo msemaji wa Kiingereza huvimeza katikati ya sentensi. Shida basi ni sikio, si msamiati. Mpango wake unabadilika palepale: vipande vya nusu dakika, kurudia mara kadhaa, maandishi mwishoni. Uamuzi ameufanya mwenyewe kwa ushahidi alioupata mwenyewe, na safari nyingine ataweza kujichunguza hivyo hivyo bila kumtafuta mshauri.

Chuo Kikuu cha Helsinki kiliuingiza utaratibu huu ndani ya shahada. Mwaka 1994 kituo chake cha lugha kilianzisha programu ya ALMS kwa wanafunzi wanaotakiwa kukamilisha sharti la Kiingereza. Programu hiyo huanza kwa kikao kirefu cha pamoja, ambapo kila mmoja hutafakari alivyojifunza lugha tangu utotoni, kisha huandika mpango wake na kuukubali kama mkataba. Baada ya hapo hufanya kazi peke yake au katika vikundi vidogo, huweka kumbukumbu ya anachofanya, na hukutana na mshauri ana kwa ana mara chache, kwa muda mfupi. Kumbukumbu ndiyo nguzo ya mfumo huu. Bila maandishi, mazungumzo na mshauri huelea. Maandishi yakiwepo, wote wawili huona mahali ambapo mpango ulikwama na sababu yake.

Utaratibu wa jamaa na huo unatumika kufundishia Kiswahili huko Massachusetts, Marekani, katika kituo cha lugha kinachohudumia vyuo vitano, kikiwemo Amherst. Mwanafunzi husoma peke yake kila siku kwa mwongozo uliopangwa, kisha hukutana na mzungumzaji wa Kiswahili kwa mazoezi ya mazungumzo. Uhuru wake ni mdogo kuliko wa Helsinki, kwa kuwa mpangilio wa masomo umeshaamuliwa. Kilicho mikononi mwake ni muda, kasi na mbinu. Kwa anayeanza lugha asiyoijua kabisa, kiwango hicho kinafaa, maana ni vigumu kuchagua cha kujifunza katika lugha ambayo bado huwezi kuisoma.

Kinachosumbua zaidi ni upimaji. Mwanafunzi aliyejiwekea lengo la kusoma makala za kitabibu kwa Kijerumani hawezi kupimwa kwa haki na mtihani wa insha wa darasa zima. ALMS ilitatua jambo hili kwa kuangalia kama mkataba umetekelezwa. Chuo kinachobakiza mtihani mmoja kwa wote hurudisha mikononi mwa mhadhiri maamuzi yale matano, kwani wanafunzi husoma wanachotarajia kuulizwa. Gharama nayo haikwepeki: saa zinazopungua darasani huhamia kwenye ushauri na kwenye mafunzo ya washauri wenyewe, na chuo kisichozitengea fedha hubaki na chumba cha kanda na vitabu.