Imani na Siasa ya Nje Katika Utendi wa Tambuka

Utendi wa Tambuka, uitwao pia Chuo cha Herekali, ulitungwa Pate na Bwana Mwengo bin Athumani mwaka 1728. Habari yake ni ya dola mbili na dini mbili: upande mmoja Mtume Muhammad na masahaba wake, upande wa pili Herekali, Kaisari wa Rumi. Wapo wanaouchukua utendi huu kuwa kioo cha uadui wa Waislamu wa pwani na Wareno. Kwa rai hiyo, Herekali si mwingine ila ni Mreno aliyevikwa joho la Kirumi, na mshairi anawahimiza watu wa Pate kupigana naye.

Rai hiyo yavutia, wala haikosi msingi. Wareno waliitawala pwani kwa mizinga na kwa msalaba. Hata ngome waliyoanza kuijenga Mombasa mwaka 1593 waliipa jina la Yesu. Walakini tarehe ya utendi wenyewe yaleta shida, na shida hiyo yafaa itazamwe kwa makini, kwa sababu inagusa swali kubwa: je, dini ndiyo huichagulia nchi marafiki na maadui?

Waomani waliitwaa Ngome ya Mombasa mwaka 1698, baada ya kuizingira tangu 1696. Walikuwa Waislamu, ijapokuwa wa madhehebu ya Ibadhi, ilhali wenyeji wengi walikuwa Sunni wafuatao Imamu Shafii. Kwa kadiri ya imani, jambo hili lilikuwa ukombozi. Lakini kabla ya miaka 30 kutimia, Pate ilikwisha choshwa na askari wa Omani, na ujumbe ukapelekwa Goa, makao ya serikali ya Wareno katika Mashariki, kuomba msaada. Merikebu za Wareno zikaja, na mwezi Machi 1728 Ngome ikarudi mikononi mwao kwa msaada wa Pate. Basi mwaka ule ule ambao Bwana Mwengo aliandika vita vya Waislamu na Kaisari Mkristo, mtawala wa Pate alikuwa rafiki wa Wakristo dhidi ya Waislamu wenzake. Ikiwa utendi ni kioo, basi kioo hicho hakikuonyesha sura iliyosimama mbele yake.

Yapasa ikumbukwe pia kwamba mshairi aliizidishia historia. Katika Muta, mwaka 629, palikuwa na vita, na humo Jaafari bin Abi Talib aliuawa. Lakini msafara wa Tabuki, mwaka 630, uliisha pasipo majeshi ya Rumi na ya Madina kukutana. Pale ambapo historia ilinyamaza, utendi uliweka mapigano makubwa. Tena uadui na Rumi haukuwa jambo la tangu mwanzo: Sura ya Rum katika Kurani yawatabiria Warumi ushindi baada ya kushindwa, na yasema kwamba siku hiyo waumini watafurahi. Hivyo hata katika asili ya habari hii, tofauti ya dini haikuwa sawasawa na uadui.

Je, itasemwa basi kwamba dini ilikuwa joho tu, na maslahi ndiyo mwili? Hukumu hiyo ni nyepesi mno. Katika utendi, Mtume hamwendei Herekali kwa upanga kwanza. Anampelekea barua ya kumwita katika Uislamu, na vita vinakuja baada ya wito kukataliwa. Hiyo ni sheria ya mambo baina ya dola: mwito hutangulia silaha, na anayepigana hana budi kueleza sababu yake mbele ya Mungu na watu. Mtawala ambaye utendi huu ulisomwa katika mji wake alisikia kipimo ambacho matendo yake yangepimwa. Si lazima mshairi awe alikusudia lawama. Yatosha kwamba kipimo kiliwekwa wazi katika lugha ambayo kila mtu aliifahamu.

Hapa ndipo nguvu ya imani katika siasa ya nje inapoonekana. Haikuwazuia Pate kuwaita Wareno. Haja ya siku ile ilikuwa kubwa. Lakini iliufanya urafiki ule uwe kitu kisichoweza kuimbwa. Mapatano na Goa yalikaa katika karatasi za wakubwa. Tambuka ilikaa katika masikio ya watu. Urafiki wa namna hiyo hauna akiba ya kutumia siku ya ugomvi. Magomvi ya mamlaka na biashara yalipozuka mwaka 1729, Wareno walifukuzwa Pate na Mombasa pia, na mwezi Novemba waliitoa Ngome kwa mara ya mwisho. Watu wa Mombasa wakatuma ujumbe Omani, na safari hiyo haikuhitaji maelezo marefu, kwa kuwa ndugu katika dini aliitwa kwa jina ambalo tayari lilikuwa vinywani.

Walakini jina hilo nalo halikutosha kuulinda udugu. Katika miaka ya 1740 Mazrui wa Mombasa walikataa kuwatii Busaidi waliotwaa ufalme wa Omani, na mwaka 1824 walitafuta ulinzi wa bendera ya Uingereza dhidi ya Seyyid Said, Mwislamu kama wao. Zimwi likujualo halikuli likakwisha, husema wahenga. Watu wa pwani zaidi ya mara moja walimkimbia zimwi wanayemjua na kumwendea wasiyemjua.

Kwa hiyo anayesoma Utendi wa Tambuka kama tangazo la siasa ya Pate anaukosea, na anayeuona kuwa pambo tu la wakubwa anaukosea vile vile. Thamani yake kwa mwanafunzi wa historia ni kwamba unahifadhi maneno ambayo watawala walipaswa kujibu kwayo, hata pale matendo yao yalipokwenda njia nyingine. Yeyote atakayeusoma na auweke kando ya habari za mwaka 1728, avitazame viwili hivyo kwa pamoja.