Mkono Unaosoma Bati

Ukienda kuangalia Pijo 504 stesheni wagoni ya zamani, usianze na injini. Muuzaji atataka uanze hapo. Ameshaiwasha kabla hujafika, imepata moto, inanguruma kwa heshima, naye amesimama kando ya boneti iliyo wazi akikutazama usoni. Mwache. Wewe inua zulia upande wa dereva, uguse sakafu. Kisha piga magoti kando ya mlango upitishe vidole chini ya kizingiti, pale ambapo matope hukaa miaka na miaka bila mtu kuyaona. Injini ya gari hili hufufuka. Bati likishaoza halifufuki, sharti likatwe na lingine lichomelewe, na ukubwa wa kazi hiyo ndio utakaoamua kama gari litarudi barabarani au litaishia kuwa banda la kuku.

Fundi wa bodi niliyekwenda naye kuliona langu, nje kidogo ya Nakuru, hakubeba chombo chochote isipokuwa sumaku ndogo iliyong'olewa kwenye spika ya redio, akaifunga kwa kitambaa isije ikakwaruza rangi. Aliipitisha polepole kuanzia bampa la mbele hadi mlango wa nyuma. Inaponasa, chini yake kuna chuma. Inapoteleza, kuna puti nene, na chini ya puti yaweza kuwa kuna lolote. Alipoiweka sumaku mfukoni akaanza kugonga kwa kifundo cha kidole huku ameinamisha kichwa. Bati zima hulia, puti hujibu kwa sauti butu. Alipomaliza kuzunguka akatueleza habari za gari lile: liligongwa nyuma kushoto zamani, likanyooshwa na mtu aliyeijua kazi, baadaye likagongwa mbele, likanyooshwa na mtu mwenye haraka, na mlango mmoja si wake. Mwenye gari, mzee mstaafu aliyekuwa nalo tangu watoto wake wakiwa shule ya msingi, alikuwa amesimama hapo hapo akisikiliza. Hakubisha. Aliongeza tu kwamba huyo mwenye haraka ndiye aliyelipwa zaidi.

Hiyo ndiyo kazi ninayotaka kuisifu. Watu humsifu fundi siku gari linapotoka likimeremeta, na kwa kweli siku hiyo sehemu kubwa ya sifa ni ya aliyepuliza rangi. Ustadi mgumu uko mwanzoni, katika kutambua: kipi kimeoza, kipi kimechoka tu, kipi kiachwe kama kilivyo. Mteja wa kawaida hauoni, kwa sababu huacha funguo asubuhi na kurudi jioni kulalamikia bei. Anayenunua gari kuukuu ili alifufue hupewa nafasi ya kuketi karibu na ustadi huo kwa muda mrefu, juu ya tairi bovu, akishika tochi pale anapoambiwa aishike.

Katika nchi zetu sijui gari linalofaa darasa hilo kuliko 504. Ilitokea Paris mwaka 1968, umbo lake likiwa limechorwa na Pininfarina wa Italia, na ikatunukiwa taji la Gari la Mwaka wa 1969 barani Ulaya. Huku taji hilo halikumsumbua mtu. Jina la Pijo lilikuwa limekwisha kujengwa na 404, iliyoshinda Safari Rally mwaka 1963, kisha mfululizo mwaka 1966, 1967 na 1968. Ushindi wa 1966 na 1967 ulikuwa wa Bert Shankland, aliyekuwa akiishi Tanzania, pamoja na Chris Rothwell. Ule wa 1963 na wa 1968 ulikuwa wa Nick Nowicki na Paddy Cliff, na katika kila mmoja wa miaka hiyo miwili ni magari saba tu yaliyofika mwisho. 504 nayo ikashinda mwaka 1975 ikiwa na Ove Andersson usukanini, na tena mwaka 1978 kwa mkono wa Jean-Pierre Nicolas, ingawa ile ya 1978 ilikuwa kupe ya silinda sita ambayo mtu wa kawaida hakuwahi hata kuigusa. Mwananchi alichokijua ni ile iliyounganishwa hapa hapa Kenya, zaidi ya magari 27,000 kwa jumla, na hasa ile ndefu.

Ile ndefu ndiyo iliyobeba nchi. Kabla ya Nissan za abiria kumi na wanne kutwaa barabara, mtu wa Nakuru au Kisumu aliyetaka kufika Nairobi bila kusubiri basi alipanda Pijo: safu tatu za viti, mizigo kwenye keria juu, na dereva asiyeondoka mpaka ijae, na kujaa kukiwa ni jambo la kuafikiana. Umbali kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma ni mita 2.90, wakati ule wa saluni ni mita 2.74. Mafundi wa Ufaransa hawakuishia kuirefusha. Nyuma ya saluni kila gurudumu lilikuwa na mwendo wake. Kwenye stesheni wagoni wakaweka ekseli nzima yenye springi nne za kuviringa, mbili kila upande, ili ibebe watu saba na magunia bila kuburuza tumbo. Lala chini ya gari uzitazame. Ukikuta springi mbili zimefupishwa kwa kukatwa, au vipande vya mpira wa tairi vimesokomezwa katikati, umeshajua lilifanya kazi gani na kwa mwenye roho ya namna gani.

Sasa nirudi kwenye injini, kwa kuwa nimekwisha kusema kwamba hufufuka. Ile ya petroli ya lita mbili, kwa hesabu kamili sentimita za ujazo 1,971, imelazwa upande kwa nyuzi 45 ili boneti iwe chini. Bloku ni ya chuma, hedi ni ya alumini. Jambo la kupendeza zaidi limejificha ndani. Katika injini nyingi silinda ni tundu lililochimbwa kwenye bloku yenyewe, likilika bloku hupelekwa kwa wenye mashine kutanuliwa. Hapa kila silinda ni slivu inayosimama peke yake ndani ya bloku, maji yakiizunguka pande zote. Ikilika unaitoa, unaweka mpya na pistoni yake, na injini inarudi kwenye vipimo vya kiwandani bila kusafiri kwenda popote. Aliyechora injini hiyo alimfikiria mtu aliye mbali na mashine kubwa, mwenye spana, akili na muda.

Lakini alimtaka awe na akili kweli. Chini ya kila slivu kuna mpira au pete nyembamba inayozuia maji yasiingie kwenye oili. Juu, slivu hutokeza kidogo sana kupita uso wa bloku, kiasi cha kupimwa kwa sehemu za milimita, ili hedi ikifungwa iikandamize gasketi barabara. Ukizidisha, gasketi haikai sawa, ukipunguza, inaungua. Na kuna mtego. Hedi ikishafunguliwa hakuna kinachoishikilia slivu, hivyo mtu akiizungusha injini kwa kupita tu, labda kuangalia pistoni, slivu inanyanyuka, pete ya chini inapoteza mshikamano wake, na wiki mbili baadaye oili imekuwa rangi ya chai ya maziwa. Fundi anayejua, kabla hajafanya jambo lingine lolote, huzifunga slivu kwa bolti na washa pana. Hicho ndicho kipimo changu siku hizi. Simwulizi mtu amefanya kazi miaka mingapi. Nangoja afungue hedi, nitazame mkono wake unakwenda wapi kwanza.

Adui mwingine ni maji ya mfereji. Rejeta ikijazwa maji matupu mwaka baada ya mwaka, chuma cha bloku hutoa kutu na alumini ya hedi huliwa kimyakimya kwenye njia za maji. Ukifungua kifuniko cha rejeta ukakuta uji wa rangi ya udongo, bei ishuke hapo hapo.

Bodi ndiyo iliyochukua siku nyingi, na ndipo nilipokaa zaidi. Kunyoosha bati si kulipiga mpaka linyooke. Bati lililogongwa limevutika, yaani limekuwa pana kuliko nafasi yake, na ukiendelea kulipiga nyundo unalipanua zaidi, likaanza kubonyea huku na kufutukia kule. Fundi wangu alishika nyundo nje na kipande kizito cha chuma laini ndani, akipiga mapigo mepesi, mengi, karibu ya kubembeleza. Palipozidi alipasha moto kwa gesi doa dogo hadi likawa jekundu, akaligonga kidogo, kisha akaliwekea kitambaa kilicholowa maji. Bati likajikunja likarudi mahali pake huku likitoa mlio. Alifanya hivyo doa kwa doa, akisubiri kila moja lipoe. Baadaye akafumba macho na kupapasa bati zima kwa kiganja kilichovikwa soksi kuukuu, kama mkunga anavyopapasa tumbo, akaweka alama ya chaki mahali ambapo mimi, kwa jicho na kwa mkono, sikuona kitu. Nilipobisha, alimwagia maji bati lile, akaniambia niinamishe kichwa nitazame kivuli cha ukuta juu ya maji. Mstari wa ukuta ulikuwa umepinda pale pale penye chaki.

Kazi yote ya puti huanzia hapo. Kila milimita ambayo nyundo imeshindwa, puti itaijaza, na kila puti nene iko siku itapasuka. Wapo wanaofanya kinyume: wanapaka kilo kadhaa kwanza, halafu wanachonga gari kwa msasa. Kwa mbali linapendeza. Na ndilo hilo hilo ambalo sumaku huteleza juu yake.

Aliposugua mlango ule usio wa gari, rangi zilitokea tabaka baada ya tabaka: nyeupe, krimu, nyekundu ya matofali. Nilidhani tutautafutia mwingine. Akakataa. Bati lake lilikuwa zima kuliko la milango mingine yote, bawaba zimekaa, na unafunga kwa mlio ule mzito ambao magari ya sasa hayana. Akauacha.

Mambo ya waya na viti nitayapita haraka, maana hayana siri kubwa: waya zote zilizoungwa kwa kamba na gundi zilitolewa, viti vikaenda kwa mshonaji. Spea ni hadithi ya miguu. Barabara ya Kirinyaga, Nairobi, ambayo watu wazima bado wanaiita Grogani, ina maduka yenye wazee wanaoweza kukitazama kipande kilichovunjika na kukuambia kimetoka kwenye gari la petroli au la dizeli. Wanazidi kupungua. Vijana wa maduka ya jirani wanajua Probox, na siwalaumu, kwa kuwa Probox ndiyo iliyorithi kazi ya Pijo huko mashambani, mizigo, abiria, ng'ombe na yote. Ni gari jema. Sina hakika kama litamfundisha mtu kitu.

Hoja ya mwisho ilikuwa ile ambayo kila mwenye Pijo huifikia. "Bosi, tuweke injini ya Toyota," akasema makanika wa pale gereji. Hakuwa mjinga. Injini ya Toyota ni rahisi kuipata, spea zake ziko kila kona, na barabara zimejaa 504 zilizobadilishwa moyo hivyo zinazokwenda vizuri tu. Kama gari lingekuwa la kutafuta riziki ningekubali siku ile ile. Lakini kuitoa ile ya asili kungemaanisha kukata mihimili, kubadili giaboksi, na kuiachisha gia ya usukanini kazi yake, kisha nibaki na umbo la Pijo lililobebeshwa kitu ambacho hakihitaji mtu wa kufunga slivu. Niliagiza slivu na pistoni mpya. Makanika alitikisa kichwa, halafu alipozipokea akazikagua moja moja kwenye mwanga wa mlangoni, akaniomba nimwachie boksi lake.

Ikabaki rangi. Mimi nilitaka nyeupe, kwa sababu ya jua na kwa sababu nyeupe ni rahisi kuirudia likikwaruzwa. Fundi wa bodi akataka bluu iliyokolea. Tulibishana juma zima. Kila mpiga rangi anajua kwamba nyeupe huficha mabonde na vilima, na kwamba rangi iliyokolea huanika kila pigo la nyundo lililokosea, hasa jua likiwa linazama na mwanga unapita ubavuni. Yeye alijua hilo kuliko mimi, na ndiyo sababu aliitaka. Nikaenda kununua bluu.