Rola Tano za Stollwerck na Umeme wa Mutwanga

Barabara ya Masisi kwenda Walikale, Kivu Kaskazini, inayopita Mpofi, huacha ng'ombe kwenye baridi ya milimani na kushuka kwenye joto la msitu, hali inayoifaa kakao. Maziwa juu, kakao chini, na bado barabara hii haina chokoleti yake. Ugumu uko wapi? Maisha ya Franz Stollwerck yanatusaidia kuuona.

Mwoka mikate huyu wa Köln, Ujerumani, alizaliwa 1815 na kufungua duka lake 1839. Alijulikana kwa peremende za kikohozi, kazi ya sukari, sufuria na moto. Chokoleti inadai zaidi. Punje za kakao zikishakaangwa na kusagwa hutoa uji wenye chenga, na ulimi huzihisi chenga zinazozidi takriban mikroni 30.

Mwanawe Heinrich, fundi mitambo, ndiye aliyelitatua hilo: mwaka 1873 alipata hataza ya mashine ya rola tano. Kila rola huzunguka kwa kasi zaidi kuliko iliyotangulia, na nafasi baina yao huzidi kubana. Uji hupanda kama utando, ukisagika kila unapovuka, hadi kisu cha juu kiukwangue ukiwa laini kama unga. Naamini hapo ndipo duka la baba lilipopata nguvu ya kuwa kiwanda kikubwa.

Hapa Kivu Kaskazini, chokoleti ya Virunga inatengenezwa Mutwanga, Beni. Umeme wa maji ulitangulia, mwaka 2013, na huo ndio mpangilio sahihi. Kusaga huchukua saa nyingi mfululizo. Umeme ukikatika, siagi ya kakao hupoa na mzigo wote huganda ndani ya mashine. Kisha chokoleti nyeusi huyeyushwa hadi nyuzi 45 hivi, hushushwa hadi karibu 28, halafu hupandishwa hadi 31 au 32 ndipo imwagwe kwenye kalibu. Ukikosea nyuzi chache tu, inafanya ukungu mweupe na haivunjiki kwa mlio.

Hata hivyo, ladha huanzia kwa mkulima. Punje huvundikwa siku tano hadi saba chini ya majani ya migomba, zikigeuzwa, ndipo zianikwe. Zikianikwa mbichi, hakuna mashine itakayoziokoa.

Na maziwa ya Masisi? Sehemu kubwa ya maziwa mabichi ni maji, na maji kidogo tu huifanya chokoleti ishikamane kama udongo. Lazima yakaushwe yawe unga kwanza, na hilo linahitaji kiwanda kingine chenye umeme wake. Atakayethubutu kwenye barabara hii ya Masisi kwenda Walikale aanze na chokoleti nyeusi.