Bwawa la Blackford na jina lililobeba wengi

Mwaka 2004 jina Sellaphora pupula lilipunguziwa mzigo. David Mann wa Bustani ya Kifalme ya Mimea ya Edinburgh, Uskoti, pamoja na wenzake, walitangaza spishi mpya tano za diatomu zilizokuwa zimejificha chini ya jina hilo. Hawakwenda mbali kuzitafuta. Walichota tope la Blackford, bwawa dogo lililomo ndani ya mji wenyewe, na kwa maoni yangu bwawa hilo ndilo lililoamua kesi.

Diatomu ni mwani wa seli moja unaojijengea ganda la silika lenye vipande viwili, kimoja kikikalia kingine kama kifuniko cha kopo. Seli ikigawanyika, kila mtoto hurithi kipande kimoja na kujitengenezea kingine cha kuingia ndani yake. Ndiyo maana ukoo huzidi kuwa mdogo kizazi hadi kizazi, na umbo nalo hubadilika, mpaka uzazi wa kijinsia urudishe ukubwa. Waainishaji wa zamani walikuwa na maganda matupu tu chini ya hadubini. Walipoona refu na fupi, lenye ncha na butu, mara nyingi walitoa jina la namna, yaani ngazi iliyo chini ya spishi. Baadhi ya namna hizo zilikuwa umri tofauti wa kiumbe kilekile. Nyingine zilikuwa spishi kamili zilizonyimwa cheo.

Utazitenganishaje? Ukilinganisha diatomu za ziwa hili na za mto ule, mbishi atasema tofauti imeletwa na maji: chumvi, joto, virutubishi. Blackford ilimnyang'anya hoja hiyo, kwa kuwa makundi yote yaliishi katika tope moja. Watafiti walipima urefu, upana, idadi ya mistari katika kila mikrometa 10, na mchoro wa ukingo wa ganda. Kutoka seli kubwa hadi ndogo, kila kundi lilishika njia yake. Kisha seli hai zikakuzwa maabara ili kuona nani anazaana na nani, na mipaka ya uzazi ikafuata mipaka ya umbo. Utafiti wa DNA uliochapishwa 2007 ulikuja nyuma ya kazi hiyo.

Kutoa majina ni kazi ya kisheria. Mtaalamu wa mwani Kützing ndiye aliyeitoa pupula jina mwaka 1844, wakati huo ikiitwa Navicula pupula, na kwa kanuni za kimataifa jina hubaki na kundi linalolingana na kielelezo chake. Makundi mengine yalihitaji maelezo ya Kilatini (sharti lililoondolewa 2012), picha, na slaidi ya kielelezo iliyotunzwa. Jina la namna halina kipaumbele likipandishwa kuwa spishi, hivyo aliyetaka kuanza upya aliruhusiwa. Zikatoka capitata, lanceolata, obesa, blackfordensis, na auldreekie, ambayo ni jina la utani la Edinburgh. Hilo la mwisho nalipenda kuliko yote.

Gharama ya mgawanyo huo inawaangukia wanaopima ubora wa maji kwa kuhesabu diatomu. Orodha ya zamani iliyoandika “pupula” tu inaweza kuchambuliwa upya pale tu slaidi zake zilipohifadhiwa.